E. coli mmoja, watoto wawili: kwa nini mmoja aliwashwa tu na mwingine akaumia figo

Swali: Daktari, mimi ni mwalimu wa baiolojia sekondari, hapa Tabora mjini. Binti yangu wa miaka sita alipata UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) mwezi uliopita. Mkojo ulimuuma, akawa anaenda chooni kila baada ya dakika chache, lakini homa hakuwa nayo. Wiki iliyofuata mtoto wa mdogo wangu, wa kiume, miezi minane, akashikwa na homa kali. Alipimwa malaria mara mbili, hana. Akapewa amoksilini ya maji, haikusaidia. Siku ya tano akalazwa, tukaambiwa maambukizi yamefika kwenye figo. Tunaishi nyumba moja. Mikojo yote miwili ilioteshwa na karatasi zote mbili zinasema Escherichia coli. Kinachonichanganya ni kwamba mdudu wa binti yangu ndiye aliyekuwa sugu kwa dawa tano, wa mtoto mdogo alikuwa sugu kwa dawa mbili tu. Iweje aliye sugu zaidi ndiye aliyedhuru kidogo? Bakteria hawa wana silaha gani hasa? Na je, wameambukizana? Mama yangu anasema ni beseni la kuogea, na anataka kumpa yule mtoto wa miezi minane asali na ndimu.

Jibu:

Mwalimu, pole kwa kuuguza watoto wawili mfululizo, na nashukuru sana kwamba umeniandikia majibu ya maabara kama yalivyo. Ungeniambia tu kuwa "walipata UTI" nisingekuwa na la maana la kukujibu.

Karatasi ile imekueleza mambo mawili: mdudu ni wa spishi gani, na ni dawa zipi zinazomuua. Haikukueleza jambo la tatu, ambalo ndilo unaloliuliza, yaani ana uwezo gani wa kupanda, kung'ang'ania na kujeruhi. Na liko la nne ambalo halimo ndani ya mdudu kabisa, limo ndani ya mtoto: njia yake ya mkojo imeumbwaje na inafanyaje kazi. Usugu wa dawa, ukali wa mdudu na njia ya mtoto kila kimoja kina mwenendo wake. Mdudu anaweza kuwa sugu bila kuwa mkali, anaweza kuwa mkali na bado akafa kwa dawa ya kawaida, na mdudu asiye na ukali wowote anaweza kufika kwenye figo kama njia ya mtoto ina hitilafu. Wasiwasi wangu katika barua yako uko kwenye hili la mwisho, na nitalirudia kwa kirefu kwa sababu linamhusu yule mdogo.

Kwanza jina lenyewe. Kusema wote wawili walikuwa na E. coli si kusema walikuwa na mdudu mmoja. Mwaka 2002 ilichapishwa jenomu nzima, yaani jeni zote, ya CFT073, E. coli aliyetolewa kwa mgonjwa mwenye maambukizi ya figo. Wanasayansi walimlinganisha na E. coli wa maabara asiyedhuru na yule anayeleta kuhara damu. Walipojumlisha protini zote za hao watatu, zilizopatikana kwa wote zilikuwa asilimia 39.2 tu. Wewe unayefundisha uainishaji wa viumbe utaona uzito wa namba hiyo. Jeni nyingi za ziada alizonazo huyo wa figo zimekaa kwa makundi kwenye kromosomu, katika vipande ambavyo bakteria hupokezana, na humo ndimo zimo nyenzo unazoziulizia.

Kwa hiyo mama apumzike na habari za beseni. E. coli aliyeingia kibofuni kwa binti yako karibu hakika alitoka kwenye utumbo wa binti yako mwenyewe, na wa mtoto mdogo alitoka utumboni kwake. Orodha zao za usugu kutofautiana kiasi hicho kunaashiria vilevile kuwa si mdudu mmoja aliyehama. Watu wa nyumba moja huweza kubadilishana bakteria wa tumboni kwa miezi, hilo lipo, lakini UTI haikukaa kwenye beseni wiki nzima ikimsubiri mtoto wa pili.

Sasa tuingie kwenye silaha. Ya kwanza, na kwa maoni yangu inayozidi zote kwa watoto, ni uwezo wa kushika. Mkojo unatiririka, na kibofu kinajisafisha kila mtoto anapokojoa. Bakteria asiyeshika kitu anatoka na mkojo, habari yake imekwisha. Mwaka 1976 huko Göteborg, Sweden, Catharina Svanborg na wenzake walichukua E. coli kutoka kwa wagonjwa wa aina mbalimbali wakawachanganya na seli za njia ya mkojo, kisha wakahesabu wangapi wanang'ang'ania. Waliotoka kwa wagonjwa wa figo walishika sana. Waliotoka kwa watoto waliokuwa na bakteria kwenye mkojo bila dalili yoyote walishika kidogo.

Kinachoshika ni vinywele vidogo vilivyo juu ya mwili wa bakteria, kitaalamu fimbria. Aina mbili zinatuhusu. Fimbria za aina ya kwanza wanazo karibu E. coli wote, hata wale wapole wa tumboni. Kwenye ncha yake kuna protini iitwayo FimH inayonasa sukari ya manosi iliyo kwenye seli za juu kabisa za ukuta wa kibofu. FimH ina tabia ambayo kila nikiifikiria inanishangaza: mkojo unapopita kwa nguvu na kumvuta bakteria, mshiko haulegei, unakaza, kama kitanzi cha mbuzi ambaye kadiri anavyovuta ndivyo kamba inavyombana. Mkojo ukitulia mshiko unalegea, bakteria anasogea na kutafuta pengine. Baada ya kushika, wengine huingia ndani ya seli ya kibofu na kuzaana humo humo hadi kuijaza. Humo ndani dawa nyingi haziwafikii vizuri, na kinga ya mwili pia. Maabara ya Scott Hultgren huko St. Louis, Marekani, ndiyo iliyoonyesha makundi haya kwa panya mwaka 2003, na baadaye yakaonekana kwenye mikojo ya wanawake wenye UTI na ya watoto pia. Ndiyo maana wapo watoto wanaomaliza dozi vizuri, wiki chache zikapita, na mdudu yule yule akarudi bila mzazi kukosea chochote.

Aina ya pili ndiyo fimbria za P. Hizi hazitafuti manosi. Zinashika sukari nyingine, yenye galaktosi mbili zilizoungana, na sukari hiyo imejaa kwenye seli za figo. Mwaka 1981 watafiti wa Stockholm waliwapima watoto wenye UTI na watoto wazima. Miongoni mwa E. coli waliotoka kwa watoto wenye maambukizi makali ya figo, asilimia 91 walikuwa na fimbria za P. Kwa watoto walioumwa kibofu tu ilikuwa asilimia 19, kwa wenye bakteria bila dalili asilimia 14, na kwenye choo cha watoto wazima asilimia 7. Katika dawa za watoto ni nadra kuona tofauti iliyo wazi namna hiyo. Na sukari hiyo hiyo ndiyo inayopanga makundi ya damu yaitwayo P, tofauti na ABO unayoifundisha. Ripoti ya mwaka 1983, nayo kutoka Sweden, ilionyesha kuwa wasichana waliougua figo mara kwa mara huku njia zao za mkojo zikiwa salama walikuwa wa kundi P1 kwa wingi kuliko watoto wengine. Yaani mtoto naye anachangia: sukari iliyopo kwenye seli zake ndiyo inayoamua kama mdudu atapata pa kushika.

Baada ya kushika kuna kula. Mkojo una nitrojeni ya kutosha lakini chuma ni kidogo mno, na bila chuma bakteria hawazaani. Hivyo hutoa molekuli ndogo ziitwazo siderofori, zinazotoka nje, zikanyakua chuma popote kilipo na kurudi nacho. Mwili wa mtoto una protini iitwayo lipokalini-2 inayozikamata siderofori za kawaida njiani. E. coli wa figo wanajibu kwa kuipachika siderofori sukari ya glukosi, ikawa na umbo ambalo lipokalini-2 haliwezi kulikamata. Ukitaka kuwafundisha kidato cha sita mageuzi bila kwenda mbali, mfano huu unatosha kipindi kizima.

Halafu kuna sumu. Hemolisini hutoboa utando wa seli, chembe nyekundu za damu zikapasuka na seli za figo zikaumia. Hii ndiyo nyenzo pekee ya ukali ambayo unaweza kuiona kwa macho katika maabara ya mkoa. Mtaalamu akiupanda mkojo kwenye sahani yenye damu jioni, asubuhi anakuta madoa ya kijivu ya bakteria. Akiinyanyua sahani kuelekea dirishani, baadhi ya madoa yamezungukwa na duara jeupe ambamo damu imeyeyuka na mwanga unapita, wakati jirani yake limekaa juu ya damu nyekundu isiyoguswa. Wote ni E. coli, na huenda kwenye karatasi wakaandikwa hivyo hivyo. Ukipata nafasi omba kuonyeshwa, wataalamu wengi wa maabara hufurahi mtu akiuliza.

Kuna pia gamba la sukari linalowazuia askari wa damu kuwameza, hasa magamba yaitwayo K1 na K5, na kuna mikia ya kuogelea inayowasaidia kupanda juu. Hayo sina haja ya kuyarefusha.

Nisemalo sasa wazazi wengi hawalitegemei. Homa, kutapika na maumivu ya kiuno havitengenezwi na bakteria moja kwa moja. Vinatengenezwa na mwili wa mtoto baada ya kumtambua bakteria. Fimbria za P na mafuta ya ukuta wa bakteria huamsha kengele kwenye seli za figo, seli huita chembe nyeupe, na vita hivyo ndivyo vinavyoacha makovu. Mfano ninaoupenda ni wa E. coli aitwaye 83972. Alitolewa kwa msichana wa shule nchini Sweden aliyekaa naye kibofuni miaka mitatu bila dalili yoyote. Alipochunguzwa akaonekana ni mzao wa bakteria wakali, lakini jeni zake za fimbria zimeharibika, hazifanyi kazi tena. Hashiki, kwa hiyo haamshi chochote. Watafiti wamefikia hatua ya kumpandikiza kwa makusudi kwenye vibofu vya watu wazima wanaosumbuliwa na UTI za kujirudia, ili awazibie njia wale wabaya.

Ndiyo maana nakuomba sana usikubali binti yako, akiwa mzima anacheza, apimwe mkojo "kuangalia kama imeisha" kisha apewe sindano kwa sababu wameonekana bakteria. Mtoto asiye na dalili mwenye bakteria kwenye mkojo hatibiwi, kwa kawaida. Ukimtibu unamwondolea mpole na kumwachia nafasi mwingine ambaye huenda ana meno.

Sasa usugu. Jeni za usugu mara nyingi zimo kwenye plasmidi, vipande vidogo vya DNA vilivyo nje ya kromosomu, na zinamsaidia bakteria mahali penye dawa. Mkojo wa mtoto ambaye hajapewa dawa si mahali penye dawa, kwa hiyo humo usugu haumsaidii kushika wala kupanda. Katika tafiti nyingi, E. coli waliokuwa sugu kwa dawa za jamii ya siprofloksasini walikutwa na nyenzo chache zaidi za ukali, hemolisini ikiwemo. Sheria hii ina mwanya wake: ukoo mmoja uitwao ST131, ulioelezwa mwaka 2008 na ulioenea mabara yote, umebeba usugu mwingi na nyenzo za kutosha kwa pamoja. Hata hivyo mdudu wa binti yako, sugu kwa dawa tano na bado akaishia kibofuni bila homa, hanishangazi hata kidogo. Tatizo la usugu wake ni kwamba dawa za kumnywesha zinabaki chache. Na usugu huo haukuanzia kwenye UTI hii. Umejengeka tumboni kwake, na katika mji mzima, kila mara tunapotoa amoksilini kwa mafua na kotrimoksazoli kwa kuhara. Ripoti za hospitali nchini zimekuwa zikionyesha kwa miaka mingi kwamba dawa hizo mbili haziaminiki tena kwa UTI za watoto.

Kwa mtoto mdogo usugu ulifanya kazi nyingine, ulikula muda. Mdudu wake ni sugu kwa amoksilini, ndiyo aliyopewa, siku zikapita. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watoto wenye UTI na homa. Waliopata makovu mapya ya figo walikuwa na homa kwa wastani wa kati wa saa 72 kabla ya kuanza dawa, na wasiopata makovu saa 48. Siku moja tu. Simlaumu mdogo wako, alifanya alichoelekezwa. Naandika ili msomaji mwingine mwenye mtoto wa umri huo ajue cha kuomba.

Huku kwetu homa ya mtoto ni malaria mpaka kipimo kikatae, na Tabora malaria ipo kweli, kupima ni sahihi. Shida inaanza kipimo kikishakataa. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa watoto 1,005 wenye homa waliofika vituoni Dar es Salaam na Ifakara. Wengi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Malaria ilikuwa asilimia 10.5, homa ya matumbo asilimia 3.7, na UTI asilimia 5.9. Hesabu za Tabora zinaweza kutofautiana, ila uwiano huo unaonyesha kwamba mtoto mdogo mwenye homa isiyo na chanzo, malaria hana, kikohozi hana, anadai mkojo wake upimwe siku hiyo hiyo. Mtoto wa miezi minane hawezi kusema mkojo unamuuma. Atatapika, atakataa ziwa, atalia akiguswa tumbo, au atachemka tu.

Na mkojo uchukuliwe vizuri. Ule wa kukamuliwa kwenye pampasi au wa kwenye mfuko uliobandikwa unachafuliwa na ngozi, ukiota bakteria haukuambii kitu. Njia ninayowaelekeza kina mama ni hii: mtoto asafishwe kwa maji, ashikwe miguu wazi juu ya kichupa safi, kisha mtu wa pili amsugue taratibu chini ya kitovu kwa kitambaa safi kilicholowa maji baridi, kwa kuzungusha, dakika tano hivi. Australia walilijaribu hilo kwa utaratibu mzuri mwaka 2017: waliosuguliwa, asilimia 31 walikojoa ndani ya dakika tano, na wasiosuguliwa asilimia 12. Mkojo unapoanza kutoka, kinga ule wa katikati ya mkondo. Mtoto akiwa mgonjwa sana, katheta ndogo, yaani mpira mwembamba wa kutolea mkojo, ni halali na haimdhuru. Kichupa kifike maabara ndani ya saa moja, au kikae kwenye friji, la sivyo bakteria watazaana humo na majibu yatapotosha. Kile kijiti cha kuchovya nacho kina mipaka. Rangi ya naitraiti, kemikali ambayo bakteria huitengeneza kwenye mkojo, inahitaji mkojo ukae na bakteria kibofuni kama saa nne hivi, na mtoto mchanga anakojoa kila mara, kwa hiyo kijiti kikikataa usimwondolee shaka.

Narudi kwa mtoto wa mdogo wako, maana hapa ndipo ninapotaka msikilizwe hospitalini. Zile takwimu za Stockholm za asilimia 91 zina upande wa pili. Watafiti walipowatenga watoto ambao mkojo wao hurudi nyuma kutoka kibofuni kwenda kwenye figo, walikuta bakteria wao wanashika hafifu, na kundi la damu la P halikuwa na uzito tena. Kushika hakukuhitajika. Mkojo wenyewe ndio uliombeba mdudu hadi juu. Kati ya watoto wanaopimwa baada ya UTI, takriban theluthi hukutwa na tatizo hilo la mkojo kurudi. Kwa mtoto wa kiume kuna jambo zito zaidi la kulitafuta: vikunjo vya ngozi nyembamba ndani ya mrija wa kutolea mkojo, vya kuzaliwa navyo, vinavyozuia mkojo usitoke sawasawa. Vikiachwa, figo hufa taratibu mtoto akiwa anacheka.

Maabara ya mkoa haiwezi kukuambia kama mdudu wake alikuwa na fimbria za P. Kipimo hicho ni cha watafiti. Lakini mtoto mwenyewe anaweza kuchunguzwa, na ndiko nguvu ielekezwe. Mwambie mama yake amwangalie anapokojoa bila nepi: je, mkojo unaruka mbele kwa mkondo, au unadondoka dondo dondo na anajikamua? Je, tumbo la chini linabaki gumu baada ya kukojoa? Kisha apigwe ultrasaundi ya figo na kibofu, na hii inapatikana Tabora. Akiwa na figo iliyotanuka, au mrija mpana, au mkondo dhaifu, au UTI yenye homa ikijirudia, aandikiwe rufaa ya kipimo cha eksirei kinachofanywa kwa kujaza kibofu dawa maalumu, mara nyingi ni kwenda hospitali ya kanda kama Bugando. Shinikizo la damu lipimwe pia, watoto husahaulika sana kwa hilo. Ultrasaundi ikiwa safi na akapona, mna haki ya kutulia: katika tafiti za pamoja, watoto waliobaki na kovu baada ya UTI ya kwanza walikuwa karibu asilimia 15, na kovu moja dogo halimzuii mtu kuishi maisha kamili.

Hukuniandikia kama ametahiriwa. Nauliza kwa sababu govi la mtoto mchanga huhifadhi bakteria karibu kabisa na mlango. Kwa watoto wa kiume wa chini ya miezi mitatu wenye homa, UTI ilikutwa kwa asilimia 20.1 ya wasiotahiriwa na asilimia 2.4 ya waliotahiriwa. Kama familia ilikuwa imepanga tohara hata hivyo, kuiwahisha ni busara, ila baada ya kupona, na baada ya daktari kuhakikisha tundu la mkojo liko mahali pake, kwa kuwa lisipokuwepo ile ngozi itahitajika kwenye upasuaji wa kurekebisha. Na siku maabara ikiandika Proteus badala ya E. coli kwa mtoto yeyote wa kiume, usilichukulie jepesi. Huyo ana kimeng'enya cha yureasi kinachoivunja yurea kuwa amonia, mkojo unakuwa wa alkali na mkali kwa harufu, na madini yanaganda kuwa mawe ndani ya figo.

Kwa binti, mambo ni ya nyumbani zaidi. Muulize choo chake kikoje. Kinyesi kigumu kilichojaa kinakikandamiza kibofu, kisimalize mkojo, na mkojo uliobaki ndio shamba la bakteria. Mpe maji, matunda, mboga za majani, maharage, apate choo laini kila siku, kabla hujafikiria dawa yoyote ya kuzuia. Muulize pia kama anabana mkojo shuleni. Watu husema UTI inatokana na uchafu wa choo cha shule. Kinachowaponza wasichana wengi ni kukikwepa choo hicho tangu asubuhi mpaka saa nane. Wewe uko ndani ya mfumo, unaweza kuzungumza na walimu wenzako wamruhusu kutoka anapoomba. Kuchamba kuwe kutoka mbele kwenda nyuma, kwa maji matupu huko mbele, bila sabuni yenye harufu. Na kwa kuwa mkoa wetu una kichocho cha mkojo, akiona damu, hasa matone ya mwishoni, mkojo wake uangaliwe mayai ya kichocho pia. Uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndio wakati mayai yanapotoka kwa wingi.

Asali asipewe yule mdogo. Chini ya miezi kumi na miwili asali, hata hii yetu nzuri ya Tabora, inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauna uwezo wa kuzizuia. Wala asali haifiki kibofuni ikiwa asali. Mama anaweza kumpa mjukuu wake wa miaka sita, ila kwa kikohozi.

Dozi ya mtoto mdogo imalizwe kwa siku zote alizoandikiwa, kwa kawaida ni kati ya 7 na 14, hata kama homa imeshuka siku ya pili. Akipata homa tena ndani ya miezi ijayo, mkojo uchukuliwe kabla ya dawa yoyote, siku hiyo hiyo, na mdogo wako aende na ile karatasi ya kwanza ya kuotesha mkononi, ili daktari wa zamu aone amoksilini haimo kwenye orodha ya kuanzia.